Diski Hazina Mpaka Kama Shamba

Haron,

Uji uko kwenye thermos. Kuku wafungulie jua likitoka. Kompyuta usiiguse. ~~Ama iguse tu, haina kitu tena.~~

Alfajiri hii niliiwasha nimtayarishie mama ile video ya marehemu baba akitubariki, ikakataa. Kumbe jana ulichomoa diski moja kati ya zile tatu, ile uliyonunua wewe, ukaifuta, ukaijaza filamu zako. Nilipokuamsha nikuulize, ukasema kila mtu achukue chake, kama tulivyogawana shamba la Manga. Kisha ukageukia ukuta ukalala.

Kule Manga ulipanda miti ya mpaka, sawa. Lakini diski zile tatu niliziunganisha zikawa ghala moja, ili nafasi ikiisha tuongeze nyingine. Video moja ilikuwa imetawanyika vipande kwenye zote. Hapakuwa na chako wala changu. Sasa mbili zilizobaki ni nyumba iliyong'olewa nguzo, na nakala nyingine hatuna. Baba alikuwa akijisifu kwa majirani kuwa wewe ndiwe uliyesoma. Afadhali alikufa akiamini hivyo.

Maziwa uyachemshe, yasiharibike.

Nimeenda Kiogoro kumchukua mama. Tangu mazishi hajasikia sauti ya mumewe, na leo ndiyo anayoijia. ~~Nitamweleza njiani.~~ Utamweleza wewe, mimi nikiwa nimeketi kando yake. Usithubutu kusema mashine imeharibika. Mwambie ulichukua sehemu yako.

Dada yako mkubwa