Sifuri ya Bihambwe

Bihambwe, tarehe 19/8/2024

Kwa Carmel, mutoto yangu wa kwanza, munganga wa Ntoto,

Nakusalimia kwa mikono yote mbili, hata kama siku hizi wanatukataza kupeana mikono. Habari ya afya? Ile kikohozi ilikuachilia? Unakula ao unakunywa tu chai sawa wazungu? Huku tuko. Papa yako Benoît iko, mugongo njo inamusumbua juu ya kupalia maharagi. Emérita wako iko, anakula sawa mutu mwenye kulipwa kwa kazi ya kula. Jana aliniuliza: «Koko, mama atarudia siku gani?» Nikamwambia mama yako iko nahesabu wagonjwa, akimaliza atakuja. Akasema: «Basi ahesabu mbio.» Miaka ine tu, lakini akili ni ya kwetu ile.

Tangu antene ya telefone ilianguka hatusikie sauti yako, lakini redio tuko nayo. Kila siku saa kumi na mbili ya magaribi wanasoma namba za wagonjwa wa mpox, fasi kwa fasi. Wakisema tu «Ntoto», naongeza sauti mpaka mwisho, napiga kelele: «Munyamaze! Hiyo namba mutoto yangu njo aliihesabu!» Papa yako anasema eti hata kuku zetu zimechoka kusikia jina yako. Acha zichoke. Mayai ziko natosha tu.

Sasa sikia kitu nilifanya. Niliomba tablo ya zamani kwa catéchiste, nikaiegemeza kwa ukuta pembeni ya mulango, na kila magaribi naandika namba na chaki. Mimi mwenye niliishia mwaka wa ine primaire! Watu wakitoka shamba wanapitia kwangu mbele ya kufika kwao. Ntoto tisa. Ntoto kumi na tatu. Roho inanidunda juu yako. Kisha chini kabisa naandika: Bihambwe 0. Kila siku sifuri, mutoto yangu! Mama wa mutu mwenye kuhesabu hawezi kukaa mu kijiji chafu.

Jana ku chemchemi niliambia wamama: «Mwenye ataniharibia sifuri yangu, nitamupiga na mwiko mbele ya bwana yake!» Tulicheka mpaka bidon ya maji ya mutu ikaanguka. Bibi ya Léonard, Mama Sébastien, alicheka kupita wote, na mutoto wake kwa mugongo. Unamukumbuka? Ule mutoto alimungojea miaka saba.

Barua anakuletea Jean-Bosco, mwenye kupeleka maharagi kule na kurudia na mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya kupikia. Umupe jibu, usimuache arudie mikono mitupu.

Ni miye mama yako, Élisabeth, Mama Carmel


Ntoto, tarehe 27/8/2024

Mama yangu mupenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa Papa. Mungu asifiwe kama muko. Mimi afya iko, kikohozi iliisha, usingizi njo hakuna. Barua yako niliisoma nikiwa nasimama, nikacheka peke yangu, wagonjwa wakafikiri nimeshindwa na kazi.

Mama, nikurekebishe kidogo, usikasirike. Mimi nahesabu Ntoto tu. Bihambwe inahesabiwa na Titulaire, mukubwa wa santre yenu ya afya. Na yeye anahesabu wenye wanakuja. Mwenye iko ndani ya nyumba anajificha, haandikwe. Kwa hiyo sifuri inaweza kuwa furaha, na inaweza kuwa milango imefungwa. Huku kwetu tulikuwa na sifuri wiki mbili, tukaimba. Kumbe watoto saba walikuwa nyuma ya jiko, wanaogeshwa na majani. Tulipowapata, wawili walikuwa hawawezi tena kumeza maji.

Nakuomba usitishe watu na mwiko, hata kwa michezo. Na unitazamie Emérita vizuri. Asilale na watoto wa jirani kwa godoro moja. Nilimuacha kwako juu nilijua mikono yako.

Mutoto wako, Carmel


Bihambwe, tarehe 6/9/2024

Carmel mutoto yangu,

Salamu na amani. Afya yako? Wale wagonjwa wako hawakukoholei? Jana redio ilisema Ntoto ishirini na mbili, nikaweka kijiko chini, sikumaliza ugali.

Nilisoma masomo yako. Ndiyo, munganga. Lakini ujue namna gani jina ya Bihambwe iko napanda. Redio ilitutaja! Ilisema eti huku watu wanafuata masharti, na siku ya yenga, siku ya misa, tarehe 15, wakubwa wa zone ya afya watakuja ku kanisa kuona tumefanya je. Na nani catéchiste amechagua kusema mbele yao? Usijibu, unajua. Nimefua kikwembe yangu ya bulu ile uliniletea Noeli. Nitasema: «Mimi njo Mama Carmel.» Kisha nitapumzika kidogo, waingize ile kwanza.

Emérita anakusalimia akiwa kwa kitanda. Si kitu. Alikuwa na homa siku tatu, sasa ametoka vipele kidogo kwa uso na kwa mikono. Ni varicelle tu, ile tetekuwanga ya watoto, weye pia uliigonjwa ukiwa kama yeye, nikakuogesha na majani, ukapona. Nimemufungia ndani asipigwe na upepo. Wamama wakiuliza nasema ametembea kwa shangazi yake kule Kirolirwe. Si uongo mubaya. Watu siku hizi wakiona kipele moja wanaanza kusema, na mimi nitasimama je mbele ya wakubwa?

Usihangaike.

Mama yako mwenye kukupenda, Élisabeth


Ntoto, tarehe 9/9/2024

Mama,

Salamu. Sitauliza habari, nitasema moja kwa moja. Jean-Bosco anangojea na injini ya pikipiki inawaka.

Tazama ndani ya mikono ya Emérita. Tazama na chini ya miguu. Kama vipele viko pale, tena viko vyote vya kimo kimoja, vigumu sawa mbegu, si varicelle. Umupeleke ku santre siku ile ile. Usingoje kesho, usingoje siku ya yenga. Umufunike, usipite kwa watu. Nguo zake zisichanganywe. Umunyweshe maji hata akikataa.

Mama, mimi natoka asubui naandika watoto wa watu: jina, miaka, siku ya homa. Naandika vizuri, sikosee. Na wangu ulimutuma Kirolirwe kwa mudomo tu, akiwa analala nyuma ya ukuta.

Niliomba ruhusa nije. Walikataa, juu njia ya Nyabiondo imefungwa kwa wafanyakazi wa afya. Wachuuzi tu njo wanajaribu. Siko na mikono ingine kule isipokuwa yako.

Mutoto wako


Ntoto, tarehe 16/9/2024

Mama, ni miye tena. Jean-Bosco hajarudia, natuma kwa mutu mwingine. Redio ya jana sikuisikia, mvua ilipiga sana. Mulienda? Unijibu hata kwa neno moja.

Carmel


Santre ya Bihambwe, tarehe 21/9/2024

Kwa Carmel,

Ni mama yako anasema, lakini mukono ni ya papa yako. Mimi na Emérita tuko ndani ya chumba ya kutengwa, karatasi yetu haiwezi kutoka. Nasema kupitia dirisha, yeye anaandika inje. Kama maneno imepotoka, umulaumu yeye. (Salamu, mutoto yangu. Haijapotoka. Papa Benoît.)

Mutoto iko. Homa ilishuka juzi. Jicho moja ilivimba, lakini Titulaire anasema halitaharibika. Anameza uji. Sasa vuta pumzi, kisha usome ingine.

Barua yako ilinifikia tarehe 13. Nilifungua vidole vya Emérita kimoja kimoja. Viko pale, sawa ulisema. Chini ya miguu pia.

Sikuenda, Carmel.

Nilijiambia siku mbili tu, wakubwa wapite, kisha nitamubeba. (Nilimwambia twende. Akasema nikifungua mulango atalala kwa jiko mwaka muzima.) Benoît, hiyo usiandike! Basi andika, ni kweli. Magaribi ile redio ikasema tena sifuri, watu wakapiga mikono mbele ya mulango wangu, na mutoto wako iko nalia ndani, nikaimba kwa nguvu juu wasimusikie. Niliimba wimbo wa kanisa. Mungu anajua.

Siku ya yenga nikavaa kikwembe ya bulu. Wakubwa walikuwa watatu, na daftari. Catéchiste akaita: «Mama Carmel, uje utuambie Bihambwe imefanya je.» Nilikuwa na maneno mingi sana, unanijua. Nilifika mbele, nikasema: «Mimi njo Mama Carmel.» Nikapumzika sawa nilipanga. Na ile kupumzika njo iliniua. Nilisikia jina yako kwa kinywa changu, nikaona vile unaandika watoto wa watu asubui mpaka magaribi. Nikasema: «Bihambwe si sifuri. Iko moja. Iko kwangu. Ni mujukuu wangu, na hakuenda Kirolirwe.»

Hata muzee wa nyuma, mwenye kulala misa yote, aliamuka.

Kisha bibi ya Léonard akasimama. Akafungua kitambaa cha mugongo pale pale. Carmel, ule mutoto alikuwa amejaa, uso, mikono, ndani ya kinywa. Akaniambia mbele ya wote: «Nilicheka ku chemchemi, nikiwa naye hivi kwa mugongo. Ulisema mwiko.» Nikasema: «Ilikuwa michezo, mama.» Akasema: «Weye ulikuwa nacheza.»

Baada yake wakasimama wengine. Mumoja, wawili, mpaka tukafika watoto kumi na mbili. Hakuna mutu alitaka kuwa wa kwanza kuharibu sifuri ya Mama Carmel.

Siku ile ile kumi na mumoja walienda ku santre, wote isipokuwa Sébastien. Léonard alikasirika, akasema hawataonyeshwa watu mara ya pili, akawarudisha nyumbani. Titulaire alienda kubisha kwao jioni, hawakufungua. Tarehe 17, siku ya mbili, Sébastien akafariki. Walimuzika mbio, watu wane tu.

Nilisikia kilio kupitia hii dirisha. Sikuweza kutoka.

(Mutoto yangu, mama yako ametoka kwa dirisha. Naishia hapa. Usimuandikie vibaya.)

Wazazi wako


Ntoto, tarehe 25/9/2024

Mama,

Salamu kwako, kwa Papa, kwa Emérita. Umubusu kwa kichwa, hapana kwa uso.

Barua niliisoma mara tatu. Ya kwanza nilitafuta tu neno «iko». Nilipoipata nikakaa chini kwa udongo. Ya pili nilikukasirikia. Sitaficha, mama, kuficha njo kumetufikisha hapa. Nilikukasirikia mpaka magaribi. Ya tatu nililia juu ya Sébastien.

Redio ilisema Bihambwe kumi na mumoja. Wenzangu huku walishika vichwa: «Bihambwe imeharibika!» Nikawaambia hapana, Bihambwe imefunguka.

Lakini ni kumi na mumoja, mama. Sébastien hayuko ndani. Ripoti iko na mustari wa wenye wamefariki nyumbani. Titulaire anahitaji jina, miezi, na siku, kwa kinywa cha muzazi. Si juu ya namba. Ile namba njo inafanya walete dawa na chanjo, na watu wa Léonard wenye walimushika mutoto wafuatwe mbele ya kugonjwa. Mukitoka, uende kwao. Sijui utasema nini. Mimi nimesoma miaka yote hii na sijui.

Mutoto wako, Carmel


Bihambwe, tarehe 6/10/2024

Carmel mutoto yangu,

Nakusalimia kwa utulivu. Afya yako iko namna gani? Sisi tulitoka tarehe 4. Emérita amebaki na madoa, jicho inaona, ameanza tena kugombana na papa yako juu ya ndizi. Anasema uje umuhesabie madoa, yeye alifika kumi na akasahau ingine.

Siku ile tulitoka, hata jiko sikuwasha. Nilienda kwa Léonard na barua yako. Léonard hakuwako. Bibi yake alikuwa natwanga muhogo. Nikasalimia, akaongeza muhogo ndani ya kinu. Mwisho nikasema: «Nimekuja juu ya jina ya mutoto.»

Akaweka mutwango chini. «Unataka kufanya nini na jina yake? Utasimama nayo tena mbele ya watu?»

Nikasema: «Hapana. Iandikwe tu ku santre. Ili ijulikane alikuwako.»

«Kwangu inajulikana,» akasema. Akaendelea kutwanga. Nikarudia.

Jana asubui niliona Mama Sébastien anapita mbele ya mulango wangu, peke yake, hakutazama. Nikamufuata mbali mbali. Ku santre Titulaire alifungua kitabu, akamwambia aandike ao aseme. Akasema: «Mimi sijue kuandika.» Titulaire akashika kalamu. Akasema: «Hapana, weye hapana.» Akanigeukia kule kwa mulango. «Huyu. Yeye njo anapenda kuandika namba. Aandike hii.»

Nikaja, nikakaa. Akasema jina: Sébastien. Miezi tisa. Homa ilianza tarehe 14 ya mwezi wa munane. Nikahesabu kwa vidole, Carmel. Siku ine mbele ya ile kicheko ya ku chemchemi. Nikaandika. Tarehe 17 ya mwezi wa tisa, nyumbani. Herufi zangu zikaanza kuanguka. Akanishika hapa kwa kiganja, na nguvu, na hakuachilia mpaka nikamaliza. Sijue kama alikuwa ananisaidia ao alikuwa ananifinya. Leo bado pananiuma.

Titulaire akasoma kwa sauti. Akasema: «Kumi na mbili.» Mama Sébastien akasema: «Soma jina.» Titulaire akasoma jina.

Mama yako, Élisabeth