Mtoto Aliyekataa Kimya

Dada Abuk, mama wa pili wa binti yangu,

Ejok? Sisi huku Kanamkemer ni wazima. Nyumba ni nzuri, bomba liko karibu, lakini kimya kimezidi. Tulipohamia, mtoto hakupata usingizi mpaka baba yake alipoanza kumpigia sufuria kwa kijiko.

Unaikumbuka ile ploti yetu ya Kakuma, pembeni ya kambi ya wakimbizi? Kila mlango na mwanamuziki wake. Papaa Jilbert, Mkongo wetu, na gita la nyaya za breki za baiskeli. Wewe na wenzako wa Sudan Kusini na ngoma za kanisa. Jua likipoa mnakutana bombani, na sisi tuliokuja kuchota tunasahau mitungi ikimwagika. Mimba yangu yote ya 2012 niliibeba ndani ya kelele hiyo, na nilikuwa na raha.

Halafu akazaliwa, akakataa titi. Siku ya pili, bado. Mama mkwe akaja kutoka Lopur kumtafutia jina, kama tunavyofanya sisi Waturkana: unataja jina la mtu wa ukoo, unamwekea mtoto titi, na jina atakalonyonya ndilo lake. Wewe ukanyamazisha ploti nzima kwa heshima. Mama akataja, akataja. Wa kwao wakaisha, akaingia wa kwetu. Mtoto amefunga mdomo tu. Mimi machozi yananitoka, naona jina linakosekana na uhai nao unakosekana.

Ukachungulia mlangoni. "Mama, huyu mtoto hajazoea kimya. Ni sisi tumemharibu."

Ukakaa hapo hapo kizingitini, ukaanza kupiga mtungi wa plastiki kwa vidole, polepole. Mama mkwe akakugeukia kwa hasira.

"Abuk, wacha kelele."

Na mtoto akashika titi.

Alisikika yeye tu, akimeza. Mama mkwe akamtazama, akakutazama wewe, kisha kama mtu aliyeibiwa mbuzi mchana akasema, "Haya. Amechagua." Mila ni yake, angeikataa vipi? Papaa Jilbert alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Ulipopanda lori la kurudi kwenu ulimwachia ule mtungi. Siku hiyo niliogopa kwamba atakua na jina la mtu asiyemjua. Sasa anatembea, na mtungi anauburuta kila mahali.

Wiki iliyopita mama mkwe alituletea maziwa ya ngamia, akajilaza mchana kwenye ngozi yake. Mtoto akaanza kupiga. Nikiwa ndani nikamsikia bibi yake, "Abuk, wacha kelele." Nikakimbia kumnyang'anya mtungi. Mama mkwe akanishika mkono.

"Mwache," akasema. "Nilikuwa namwita tu."

Mungu akutunze huko uliko, dada. Siku ukirudi njia hii, hutauliza nyumba. Utaisikia.

Mimi,
Mama Abuk