Bahasha ya Uzi wa Bluu

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu tele za mdogo wako. Natumaini wewe, shemeji na mtoto hamjambo, na kile kikohozi kimekwisha. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inayonisumbua.

Bado niko posta, chumba cha kupanga barua. Siku hizi namjua mtu kwa jinsi anavyofunga bahasha. Mwenye haraka hulamba mara moja tu, pembe zikabaki wazi. Mwenye siri humwaga gundi mpaka karatasi ikalowa. Mwenye wasiwasi hubandika selotepu juu ya selotepu, utadhani amefungia jini. Lakini wa kushona bahasha kwa sindano na uzi wa bluu tulimjua mmoja tu. Mama alikuwa akisema hawezi kuwapelekea watu mate yake.

Sasa usinicheke. Baada ya kumzika mama, bahasha iliyoshonwa vile ilitoka kwenye gunia, ina jina la mjomba. Nilimpelekea mwenyewe. Akasema kuna mtu anatutania, akaukata uzi, akakuta karatasi tupu. Usiku uleule akalala asiamke. Waliokupigia simu wakasema ni presha. Hawakuijua habari hii.

Juzi ikaja yako. Mwandiko ni wa mama kabisa. Nikaificha chini ya shati, nikaenda kuichoma jikoni kwangu. Kesho yake nikaikuta juu ya meza yangu ya kazi, uzi haujakatika, wala hainuki moshi. Nikaichanachana, ikarudi. Msimamizi wetu akaiona, akauliza kwa nini barua ya mtu imekaa hapa, akasema jioni ataituma yeye mwenyewe.

Ndipo nikafanya jambo ambalo sikutaka ulijue. Alipotoka tu, nilikata jina lako, nikaandika langu, nikaufungua ule uzi. Karatasi ya ndani haikuwa tupu. Mama ameandika kwamba alijua nitaifungua mimi ili nikukinge, mimi mwanawe asiyeweza kukaa bila yeye, na ndiyo maana aliandika jina lako.

Nisalimie shemeji, na mtoto umbusu kwa niaba yangu. Naogopa, dada, sikufichi. Lakini hata sasa ninapojua, ningekuta jina lako pale, ningeifungua tena.

Akupendaye daima,
Kitinda mimba wenu