Baba, Jenereta Yako Imezimwa

Baba yangu kipenzi,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kreti pale pale ulipokuwa ukikaa, nje ya banda la barafu la Kunduchi. Jenereta yako imezimwa. Najua ungeanza kwa kugomba, kisha ungeuliza nani kaizima, kisha ungetaka chai. Basi tulia nikusimulie.

Unakumbuka tulivyoishi na ngurumo ile? Ukiiwasha alfajiri baada ya swala, wanawake wanaokaanga samaki hawakuwa na haja ya kuulizana. Wakisikia inanguruma wanabeba ndoo, barafu ipo. Ikinyamaza, wanajua leo changu wauzwe haraka kabla hawajaharibika. Nasi watu wa nyumba yako, iliyopakana na banda, tukawa wapiga kelele ili tusikilizane. Mgeni wetu mmoja kutoka Kimara aliaga mapema akidhani wewe na Mama mnagombana, kumbe mlikuwa mnajadili kama mchuzi umekolea chumvi. Nacheka mpaka leo.

Kikohozi chako ndicho hakinichekeshi. Moshi wa dizeli ulijaa bandani, wewe unasema ni vumbi tu. Nilikuomba usimame upande unakotoka upepo, ukanijibu kwamba mashine haina baba wala mama ila wewe. Ulipofariki, aliyeshika nafasi yako aliendelea kuiwasha saa ile ile, na kila alfajiri Mama akiisikia alisema, "Baba yenu huyo kaamka." Sisi tukamwacha na faraja yake.

Sasa kamati ya soko imeleta umeme wa jua. Paneli zimefunika paa zima la jengo la mnada wa samaki, betri zimewekwa kwenye chumba cha zamani cha nyavu, na nyaya zimevutwa mpaka kwenye banda la barafu, pampu ya maji na zahanati. Ni mtandao wetu wenyewe. Umeme wa mjini ukikatika, sisi hatuna habari, na mama anayejifungua pale zahanati hamulikiwi tena kwa simu. Tulizindua kwa pilau. Asubuhi iliyofuata barafu ilijaa mpaka juu, na hakuna aliyekuja kuichukua. Watu walikuwa majumbani wanasubiri ngurumo! Fundi alizunguka akikagua betri moja moja, kosa hakuliona, maana halikuwa kwenye mashine.

Nilipita mlango kwa mlango nikiwaeleza kwamba barafu ya sasa haipigi kelele, wakacheka, wakaelewa. Mama alielewa tangu siku ya kwanza, ila alikataa kuichukua. Na unamjua, yeye ndiye mkubwa wa wakaangaji. Asipochukua yeye, mashoga zake nao hawagusi. Barafu ikawa inayeyuka, kamati ikaanza kunung'unika kwamba mradi utakufa, bora jenereta iwashwe tena. Niliumia kote kote, Baba. Nilitaka umeme huu ubaki, moshi usimkohoze tena baba wa mtu. Lakini kumwambia Mama aizoee alfajiri isiyo na wewe, mdomo haukufunguka.

Juzi alikuja mwenyewe, mikono mitupu. Akakaa kwenye kreti hii, akaitazama jenereta iliyofunikwa turubai. Banda lilikuwa kimya, mpaka tulisikia maji yakidondoka kutoka kwenye barafu. Nikadhani anatafuta maneno ya kuniambia tuiwashe, nami nilikuwa tayari kumkubalia.

Hakuniambia mimi. Aliinama kidogo kuelekea kwenye lile turubai, akasema kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake tangu nizaliwe:

"Baba Mwajuma, mie nilikuwa nakupenda. Sijawahi kukwambia. Hapa ningekwambiaje, na mambo kama hayo huwezi kuyapigia kelele?"

Akajifuta uso kwa ncha ya khanga. Kisha akanituma nikamletee ndoo.

Nami nilikupenda, Baba. Nakwambia taratibu, maana sasa panasikika.

Bintiyo,
Mwajuma