Mpunga Mbichi Kwenye Shuka Jeupe

Mdogo wangu Tadei,

Shikamoo yako nimesomewa. Marahaba siitoi. Ikae kwanza.

Anayeandika barua hii ni mjukuu wangu Leokadia, maana mimi kalamu sijawahi kuishika. Nimemwonya asilainishe hata neno moja. Na kabla ya kuituma ataisoma mbele ya watu hapa Ifakara, kwa kuwa ulichonifanyia ulikifanya mbele ya watu.

Unaomba nikusemee ili wakuchague uingie barazani. Una macho makavu wewe!

Unakumbuka tulivyolala shambani kwenye dungu, kile kibanda cha miguu mirefu, tukifukuza ndege? Ulikuwa unasinzia, mimi napiga makelele ya watu wawili ili baba asijue. Mafuriko yalipokuja nilikubeba mgongoni, maji yakinifika kifuani. Hukulia. Ulinivuta masikio mpaka yakaniuma wiki nzima.

Basi mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa jumbe wetu, akatuletea yule bwana wa kupiga picha za sinema. Bwana alitaka mavuno. Mpunga haujaiva, ukiminya punje, yanatoka maziwa. Nikakwambia, "Tadei, subirini wiki tatu tu." Ukanijibu mbele ya wanawake wote, "Dada, bwana anaondoka Jumatano. Kateni, na mcheke." Shamba ulilochagua ni langu, eti kwa sababu liko karibu na barabara. Tukakata. Tukacheka. Mwaka ule wajukuu zangu walikula mapapai mabichi ya kuchemsha, wewe ukapandishwa cheo ukahamia Mahenge.

Mwezi uliopita gari la sinema lilikuja, wakafunga shuka jeupe pale uwanjani, wakatuonyesha picha yetu ile. Picha haina rangi, mkadhani hatutajua. Tadei! Masuke yamesimama wima kama vidole! Hata mtoto wa kufukuza ndege anajua mpunga wetu ukiiva unainama. Msemaji akatangaza kwenye kipaza sauti, "Tazameni mavuno ya jumbe hodari!" Mzee mmoja nyuma akadakia, "Mavuno gani? Huo ni uji!" Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Nilijiona pale juu nimeshika kisu, meno yote nje, nachekelea njaa yangu mwenyewe.

Sasa nisikilize. Gari linarudi kabla ya mavuno. Watu wamenitaka nishike kile kipaza sauti, niieleze picha yetu kama ilivyokuwa. Usipokuja nitakishika, na unajua mdomo wangu. Ukija, nakuachia wewe. Simama kando ya shuka, mpunga ule ukitokea useme, "Niliwakatisha mpunga ukiwa mbichi, na shamba lilikuwa la dada yangu." Usiseme bwana alitaka. Bwana hakujua mpunga; wewe ulijua.

Watakuzomea. Wakuzomee. Nitakaa mbele kabisa, na atakayeokota hata bonge la udongo akurushie atapambana na mimi kwanza. Wakitaka kukuchagua baada ya hapo, shauri yao. Mimi sikusemei.

Ukimaliza kusema, njoo pale nilipokaa unisalimie upya. Nitaitika.

Dada yako,
mwenye masikio uliyoyavuta.