Kidole Mbele ya Jina la Mama

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Mwanza. Tarehe 18 Machi 2025, saa 3:20 asubuhi.
Shauri: Tuhuma za kughushi muhtasari wa kikao cha ukoo.
Jina la shahidi: Kashindye Masele. Umri: miaka 56. Kabila: Msukuma. Dini: Mkristo. Kazi: Fundi cherehani. Makazi: Kisesa, Wilaya ya Magu.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Naishi Kisesa kwenye kiwanja cha marehemu baba yangu. Nipo hapo tangu mwaka 2004, niliporudi kutoka kwa mume. Nashona sare za shule. Niliishia darasa la saba, lakini kusoma na kuandika najua vizuri. Naomba hilo liandikwe, asije mtu akanitetea kwamba sikujua nilichokuwa nakisaini.

Kwetu tulibaki watoto watatu. Mkubwa ni Ngosha, ana miaka 63. Nafuata mimi. Wa mwisho alikuwa Alexander, fundi wa injini za boti pale Kirumba. Mama yetu, Milembe, alifariki nyumbani Kisesa tarehe 7 Oktoba 2018. Aliyemwosha ni Rebeka, mke wa Alexander. Cheti cha kifo hatukukitafuta. Alifia nyumbani, tukamzika nyumbani, hakuna aliyetuuliza.

Rebeka Awuor ni Mjaluo wa Rorya. Alexander alimtolea mahari mwaka 2007, nami nilikuwa kwenye msafara wa kupeleka ng'ombe. Ndoa ya kanisani hawakufunga. Walisema watafunga nyumba ikiisha. Nyumba yenyewe iko Butimba, au ilikuwa, na waliijenga miaka tisa. Kiwanja kilikuwa na mawe makubwa na fundi alitaka kukikimbia. Rebeka aliyavunja mwenyewe kwa nyundo, kokoto zikaingia kwenye msingi wa nyumba hiyohiyo. Nilimkuta siku moja anavunja mawe akiwa na mimba ya Precious. Mkataba wa kiwanja uliandikwa jina moja, la Alexander.

Mnamo tarehe 9 Juni 2022 Alexander alifariki hospitalini kwa ugonjwa wa ini. Tulimzika Kisesa tarehe 11. Mtoto wao, Precious, alikuwa na miaka kumi na miwili. Tarehe 13 tulianua matanga, Rebeka na mtoto wakarudi Butimba. Wakati wanaondoka Rebeka aliniuliza kama kuna karatasi anatakiwa kusaini. Nilimwambia kaka anashughulikia, atamwita.

Mnamo tarehe 21 Juni 2022, saa kumi jioni, Ngosha aliniita sebuleni kwake. Kwake na kwangu ni kiwanja kimoja, tunatenganishwa na jiko. Mezani kulikuwa na karatasi mbili alizokwisha kuziandika. Juu zilisema Muhtasari wa Kikao cha Ukoo wa Masele, na tarehe ya kikao ilikuwa jana yake. Jana yake hapakuwa na kikao. Mimi nilishinda nashona na yeye alikwenda mnadani.

Nilizisoma zote mbili. Zilisema ukoo umemchagua Ngosha kuwa msimamizi wa mirathi ya Alexander. Chini yake palikuwa na mstari unaosema marehemu hakuacha mke wala mtoto.

Nilimwambia, "Kaka, mbona Rebeka hayupo? Na Precious?"

Akasema, "Rebeka si wa ukoo. Kikao ni cha ukoo. Weka sahihi hapo."

Niliweka sahihi yangu kwenye namba tatu. Kwenye namba moja liliandikwa jina la mama, na pembeni nafasi ya dole gumba. Ngosha alisema hakimu akiona mzazi wa marehemu ameridhia hataki maswali mengi. Nikamwambia, "Kaka, mama amekufa." Akanijibu, "Mahakamani hawamjui."

Ngosha hakunipigia kelele wala hakunigusa. Aliniuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu, "Kashindye, hapo unapolala ni kwa nani?"

Alivunja mrija wa kalamu ya bluu akapaka wino kwenye sahani. Niliambiwa niweke kidole, nikaweka. Kidole kilicho mbele ya jina la mama yetu ni changu, dole gumba la mkono wa kushoto.

Hapa askari amenisimamisha. Ameniambia nilikuja kama shahidi, na ninayosema sasa yanaweza kunifanya mtuhumiwa. Ameniuliza kama nataka kunyamaza au kumwita mtu. Nimesema sitaki, aendelee kuandika.

Ngosha alifungua mirathi kwenye Mahakama ya Mwanzo ambayo si ya kule alikoishi marehemu. Tangazo lilibandikwa ubaoni huko. Rebeka yuko Butimba, angelisoma saa ngapi? Siku za tangazo ziliisha bila pingamizi, Ngosha akapewa usimamizi. Miezi hiyo yote Rebeka alikuwa akinipigia simu. Akiuliza habari za mirathi, nilimwambia mambo ya mahakama ni polepole.

Mnamo tarehe 15 Machi 2023, saa nne asubuhi, Rebeka alinipigia akasema kuna watu wanatoa vyombo nje. Nilifika Butimba saa sita kasoro. Kitanda, masufuria na sanduku la spana za Alexander vilikuwa chini ya ukuta. Ngosha alikuwa ameiuza nyumba. Mnunuzi, Bwana Yeremia, alikuwepo. Siwezi kusema alikuwa mtu mbaya. Alinipa shikamoo, akanionyesha barua ya usimamizi na mkataba alioandikiana na Ngosha. Vijana wake walikuwa wanabeba vitu kwa uangalifu, hata glasi waliziviringisha kwenye magazeti.

Rebeka alikuwa amekaa juu ya jiwe. Hakuwa analia. Aliniambia, "Wifi, huyu baba ana karatasi inasema Alex hakuwa na mke. Wewe mwambie. Mimi ni nani?"

Nilimwambia Bwana Yeremia kwamba huyu ni mke wa ndugu yangu. Akajibu, "Mama, naamini. Lakini mimi nimeuziwa na mahakama." Hakuuziwa na mahakama, aliuziwa na Ngosha, ila siku hiyo hakuna kati yetu aliyejua tofauti yake.

Rebeka alipanga chumba kimoja Kirumba. Mwezi wa nne alipewa mahakamani nakala ya muhtasari, fotokopi. Aliniletea Kisesa nimsomee, maana miwani yake ilivunjika siku ya kutolewa nje. Nikamsomea. Nilipofika kwenye majina nilisoma la mama, na langu nikaliruka. Rebeka alishika mdomo akasema, "Mama mkwe? Niliyemwosha mimi?" Baadaye alipopata miwani nyingine alisoma mwenyewe akaliona na la kwangu. Nilimwambia Ngosha aliniletea karatasi imekunjwa, nikasaini nikidhani ni mahudhurio ya msiba. Aliniamini siku hiyohiyo. Alisema, "Wametutumia wote wawili, wifi."

Kuanzia hapo nilimsindikiza kila mahali. Faili lake nilikuwa nalibeba mimi. Nililishonea na mfuko wa kitambaa cha kaki, mvua isiharibu karatasi.

Mnamo mwezi Mei tulikwenda kwa msaidizi wa kisheria, Bwana Venant, hapo Kirumba. Ni kijana mpole. Alituambia, "Msimamizi siyo mrithi. Watu wengi wanakosea hapo. Msimamizi anakusanya mali za marehemu, anawalipa waliokuwa wanamdai, kinachobaki anawagawia wenye haki, halafu anairudishia mahakama hesabu. Akimaliza, mikono yake inatakiwa iwe mitupu." Alisema mtoto wa Alexander ni mrithi hata kama hajaandikwa popote. Alisema Rebeka anaweza kuomba usimamizi wa Ngosha utenguliwe.

Kisha aliniuliza mimi mirathi ya baba yetu ilifunguliwa mwaka gani. Nilisema haikufunguliwa. Akasema, "Basi mama, hapo unapoishi hakuna aliyepewa na mahakama mamlaka ya kukufukuza. Na wewe ni mtoto wa marehemu kama kaka yako."

Naomba hili liandikwe jinsi lilivyo. Nilikuwa na miaka 54. Karibu miaka ishirini niliamka kila siku nikafagia uwanja wa Ngosha kabla sijafagia wa kwangu, na niliuza nyumba ya mtoto wa ndugu yangu ili nisifukuzwe mahali ambapo hakuna aliyeweza kunifukuza. Sikumwambia mtu kitu. Nililipokea faili la Rebeka tukatoka nje.

Ombi la kutengua lilipangwa kusikilizwa tarehe 24 Agosti 2023. Bwana Venant alisema mambo yote yanasimama juu ya kitu kimoja, kwamba mama alishakufa kabla ya hicho kikao. Cheti hakipo. Rebeka peke yake asingeaminiwa kwa kuwa ndiye mdai. Alitakiwa mtu mmoja wa ukoo asimame aseme mama amekufa. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Asubuhi hiyo nilivaa. Nilifika stendi ya Kisesa saa moja na nusu, nikakaa kwenye benchi la muuza chai. Niliwaza kwamba hakimu akishajua mama amekufa, swali linalofuata ni kidole cha nani. Saa tatu nilirudi nyumbani. Nilimpigia Rebeka nikamwambia nina malaria, siwezi kusimama.

Akasema, "Pole wifi. Meza dawa ulale. Mungu yupo."

Ombi lilitupwa kwa kukosa uthibitisho. Siku za kukata rufaa zilipita Rebeka akihangaikia cheti cha kifo cha mama. Fomu zilitaka ndugu wa damu. Ngosha alikataa kuzigusa, na mimi kila wiki nilikuwa na sababu.

Mnamo Februari 2024 Bwana Yeremia aliibomoa ile nyumba. Sasa hapo kuna jengo la vyumba vya kupangisha, la ghorofa moja. Nililiona mwezi uliopita. Wapangaji wameanika nguo.

Mnamo tarehe 19 Novemba 2024 Ngosha alipata kiharusi. Upande wa kulia haufanyi kazi na hasemi. Mke wake alikwenda kwa watoto wake Kahama na hajarudi. Ninayemlisha na kumgeuza ni mimi. Kama polisi watakwenda kumhoji, watamkuta kitandani, atawaangalia tu. Siku moja nilimuuliza, "Kaka, nyumba ya Alexander uliifanyia nini?" Alitoa machozi, lakini daktari alisema machozi hayo yanatoka yenyewe, ni ugonjwa. Kwa hiyo sijui.

Mnamo tarehe 10 mwezi huu, kufuatia malalamiko ya Rebeka, niliitwa hapa kituoni nikaonyeshwa fotokopi ile. Askari aliniuliza kama namfahamu mwenye kidole. Nilimwomba wiki moja nikumbuke. Kukumbuka sikuhitaji. Nilitaka Rebeka alisikie kwangu kabla hajalisikia hapa.

Mnamo Jumapili tarehe 16 Machi 2025, saa saba mchana, nilikwenda kwake Kirumba. Nilimkuta nje ya chumba chake anapara samaki kwa ajili ya kukaanga jioni. Alinipa kigoda. Nilimwambia bila kuzunguka, kama nilivyoeleza hapa.

Aliendelea kupara mpaka akamaliza yule samaki. Halafu aliniuliza, "Siku ile ya malaria?"

Nikasema, "Sikuwa na malaria."

Akauliza, "Na kwa Venant, ulikuwa unajua?"

Nikasema, "Nilikuwa najua."

Nilimwambia nitakuja polisi nieleze yote. Alisema, "Nenda." Nilimuuliza kama anadhani itasaidia. Alisema nyumba haipo, kaka yangu hasemi, na siku za rufaa zimepita, sasa isaidie nini. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Wakati huo Precious alirudi kutoka kanisani. Sasa ana miaka kumi na tano, yuko kidato cha pili, na sare yake nilimshonea mimi. Aliniona akakunja goti, akaanza kusema shikamoo shangazi.

Rebeka akamwambia, "Usimwamkie."

Mtoto alisimama hapohapo, goti halijanyooka. Alimwangalia mama yake, akaniangalia mimi. Tangu azaliwe hajawahi kuambiwa hivyo kuhusu mtu mzima. Rebeka hakurudia wala hakueleza. Precious akaingia ndani, akarudishia mlango taratibu.

Nikanyanyuka nikaenda.

Hayo ndiyo ninayoyajua na niliyoyatenda. Nimeyatoa kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu. Sina la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: K. Masele

MAELEZO YA ASKARI
Mimi WP Koplo Getruda nimeyaandika maelezo haya na kumsomea mhusika neno kwa neno. Ameomba sahihisho moja. Pale nilipokuwa nimeandika "nililazimishwa kuweka kidole" ameomba nifute, isomeke "niliambiwa niweke kidole, nikaweka." Nimerekebisha, naye ametia sahihi pembeni. Shahidi ameonywa, na ataandikiwa maelezo ya onyo kama mtuhumiwa.

Nyongeza: Jalada halisi la mirathi limeombwa mahakamani mara mbili, tarehe 4 Februari na tarehe 3 Machi 2025. Halijapatikana. Nakala iliyopo ni fotokopi, na alama ya kidole iliyomo imekuwa doa jeusi. Mtaalamu amesema haiwezi kulinganishwa na kidole cha mtu yeyote.
Maelezo yamefungwa saa 5:05 asubuhi.