Hisa za Bi Hamda Hazina Mnunuzi

Nizwa, 5 Oktoba 2025

Lamees mwanangu,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu siku hizi ni ofisi. Soko zima la hisa hapo Maskati linangoja neno la mjomba wako. Assalaam alaykum. U mzima? Unakula, au ni kahawa tu? Mie mzima, ila goti.

Mama yako kanikabidhi hisa zake za kile kiwanda cha mabati, zile alizonunua kwa mahari yake. Unajua mashemeji zake wanataka nyumba ya marehemu baba yako kule Samad Ash Shan igawanywe. Kadhi kawaambia wangoje mpaka mwisho wa mwezi: Hamda akiweza kuwalipa mafungu yao, nyumba yake; hawezi, inauzwa. Nimepiga hesabu. Kila hisa ikitoka kwa baisa mia, anabaki kwake.

Nami nani? Dalali wa mbuzi Nizwa, miaka thelathini. Ijumaa moja nilimuuza beberu chongo kwa mashekhe wawili, kila mmoja kanunua upande wenye jicho! Leo bei ni mia na kumi na mbili. Nimeita mia na ishirini. Mtu huanzia juu, mnunuzi akaguna, mkakutana katikati.

Mjomba wako,
Ghanim

*

Maskati, 7 Oktoba

Shikamoo mjomba,

Alhamdulillah mimi mzima. Pole na goti.

Mjomba, tafadhali nisikilize. Hapa hakuna mtu wa kuguna. Ukiandika mia na ishirini, mashine inaandika mia na ishirini, inakaa kimya. Haijui kama unatania. Na wanunuzi wengi wa hisa ile si watu, ni kompyuta ya kampuni moja iliyopewa kazi na soko: kila saa iweke bei ya kununua na bei ya kuuza, ili mtu asikose wa kumuuzia. Inanunua kidogo kidogo, mia na kumi na moja. Iuzie hiyo, leo, kesho, mpaka ziishe.

Ningefanya mwenyewe, wallahi. Lakini kanuni ya ofisi yetu ya udalali wa hisa hairuhusu karani kugusa hisa za jamaa yake. Nikigusa, nimefukuzwa. Kwa hiyo ni wewe tu.

Mwanao,
Lamees

*

Nizwa, 9 Oktoba

Lamees mwanangu,

Marahaba, na salamu nyingi. Goti limepoa, nimelitia mafuta ya simsim.

Barua yako nimeisoma mara mbili, nikacheka mara tatu. Kompyuta imnunulie nani? Imewahi kumfungua mbuzi mdomo ikamtazama meno? Mie nikizungusha mbuzi uwanjani namjua mwenye hamu kwa namna anavyojitia hataki. Hiyo kompyuta yako inajitia hataki. Lakini kwa heshima yako nimeshuka, mia na kumi na nane. Hapo nimefunga mlango.

Mama yako hunipigia kila siku baada ya alasiri. "Ghanim, vipi?" Namwambia, "Lala dada, ziko mkononi mwa fundi." Ananiambia kapanda mlimao mpya uani.

Mjomba wako

*

Maskati, 13 Oktoba

Mjomba, shikamoo,

Nisamehe sikuulizi goti.

Kiwanda kimetangaza hasara asubuhi. Bei imeanguka mpaka kikomo cha siku, mia na tatu. Sheria hairuhusu hisa kushuka zaidi ya sehemu moja ya kumi kwa siku, ili watu wasipate khofu. Ikifika hapo inasimama. Lakini na wanunuzi wanasimama, kwa sababu kila mtu anajua kesho itakuwa rahisi zaidi. Ile kompyuta imejitoa. Ina ruhusa, bei ikitikisika sana, kukaa pembeni.

Mia na tatu bado inatosha kwa nyumba, mjomba! Andika bei ya chini kabisa, uingie foleni. Nakwambia ukweli, mbele yako kuna kompyuta za wakubwa, zimewahi kabla mtu hajagusa simu. Lakini ingia.

Lamees

*

Nizwa, 20 Oktoba

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sijambo. Si kweli, lakini ndivyo tunavyoanza.

Niliingia foleni. Siku ya kwanza, hakuna. Tisini na tatu, hakuna. Themanini na nne, sabini na sita, hakuna. Jana sitini na nane, nikauza hisa arubaini tu, labda mtu kakosea kidole. Kila asubuhi nakaa na simu tangu saa nne, najiona mimi ndiye mbuzi, nazungushwa uwanjani na hakuna mnunuzi aliyeketi.

Uwanjani mnyama akikosa bei, naiangusha bei papo hapo mpaka nimkute yule mmoja anayemtaka. Yupo daima. Hawa wa soko lenu walifunga bei isianguke ili tusiogope. Basi tumefungwa ndani tukiogopa.

Hamda kaacha kuniuliza vipi. Anapiga, anasalimu, anakata.

Mjomba

*

Maskati, 6 Novemba

Mjomba, shikamoo,

Mama yuko kwangu, ghorofa ya nne. Nyumba imenunuliwa na mtu mmoja wa mji wa Ibra. Anataka kuifanya ya wageni. Mama alikuja na mikoba miwili na jiwe lake la kusagia. Hapa hakuna ua. Anakaa dirishani, nikirudi kutoka kazini namkuta pale pale.

Hana hasira nawe. Anauliza jambo moja tu, nami nimeahidi kukufikishia: kabla ya ile Jumatatu bei ilipoanguka, alikuja mnunuzi yeyote?

Lamees

*

Nizwa, 9 Novemba

Lamees mwanangu,

Salamu kwako, na kwa dada yangu, kama atazipokea.

Nimeandika barua hii mara nne. Katika zile tatu nilisema hakuja mtu.

Alikuja. Jumapili, tarehe kumi na mbili, saa tano asubuhi. Mia na kumi na saba, hisa zote. Kwenye simu ilikuwa kubonyeza tu. Mie nilikuwa sabla, baraza yetu ya mtaa, na wanaume wenzangu, kahawa mkononi. Nilikuwa nimewaambia kuwa Ghanim akiita bei hashuki. Basi nikainua simu juu, nikasema kwa sauti, "Mwambieni aongeze moja!"

Mwambie Hamda hivyo hivyo. Na mwambie kwamba hakuna aliyegeuka kunitazama. Walikuwa wanaangalia mashindano ya ngamia kwenye televisheni.

Mjomba wako